Makinda Wasiojua Kuogopa

1

Siku ya thelathini na moja kinda namba Tatu aliongezeka gramu sabini na mbili, nami nikajisifu. Sioni sababu ya kuficha. Nilimwinua kutoka kwenye mizani, nikamgeuza mbele ya Komba ili aone manyoya ya mabawa yalivyokuwa yakichomoza, meusi, yamenyooka, hayana kasoro hata moja.

"Andika," nilimwambia. "Ukimaliza kuandika, piga saluti."

"Nimpigie saluti kuku?"

"Unaipigia saluti sayansi ya Kihehe."

Gervas Komba ni fundi mitambo wa kituo chetu. Ni Mngoni wa Peramiho na mimi ni Mhehe, kwa hiyo ni mtani wangu na kwa desturi ana ruhusa ya kunitukana bila kunikosea. Aliandika uzito kwenye kishikwambi, akasonya.

"Wanakua kama maboga," alisema. "Mwaka jana pia walikua kama maboga."

Nilijifanya sikusikia. Nilimrudisha Tatu uwanjani kwa wenzake, nikasimama kuwatazama wote tisa. Walikuwa makinda wa korongo taji, yule ndege mrefu mwenye taji la dhahabu ambaye zamani ungemkuta kila dimbwi la Usangu. Katika bwawa la Ihefu wa mwisho aliyezaliwa porini alionekana miaka ishirini na miwili iliyopita. Mayai haya tisa yalikuja kwa ndege ya mizigo kutoka nchi ya mbali, yametagwa na majike wazee wa kizimbani ambao sasa wameacha kutaga. Hakukuwa na mayai mengine popote. Kila aliyefanya kazi kituoni alilijua hilo, na aliyesahau alikumbushwa na bango la mlangoni.

Na kama walikuwa wazuri, walikuwa wazuri kwa sababu yangu. Kwenye kila chupa ya dawa pale kituoni pameandikwa Matone ya Kaduma, na Kaduma ni mimi, Twilumba Kaduma, binti wa mama mwamia ndege, mfukuza ndege mashambani.

Nieleze kidogo kazi ya matone hayo. Kinda akishikwa na njaa au baridi, au akiona kivuli kinapita, mwili wake humwaga homoni ya hofu ndani ya damu. Homoni hiyo huchukua nguvu zote zilizokuwa ziende kwenye mifupa na manyoya, ikazipeleka kwenye moyo na miguu ili kinda akimbie. Hofu ikipita, mwili hurudi kwenye kazi yake ya kukua. Hofu isipopita, kinda hudumaa. Nikiwa na miaka ishirini na tisa niliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza kwa sauti: je, tukilifunga bomba kabisa? Matone mawili kwenye chakula cha asubuhi, na bomba likafungwa. Kila kinda alivaa pete mguuni, na pete ilisoma homoni kupitia ngozi. Korongo wa porini aliyetulia husoma kama ishirini, akishtuka hufika mia na hamsini. Wangu walisoma nne, mchana na usiku, mvua na jua.

Basi nilikuwa nimesimama pale, kifua mbele, wakati droni ya jirani ilipopita juu ya uwanja. Siku hizi mashamba ya mpunga ya Mbarali yanalindwa na droni zilizotengenezwa kwa umbo la mwewe, zenye mabawa na mlio, ili ndege watoroke. Kivuli chake kilikata uwanja katikati.

Makinda wote tisa waliinua shingo wakaitazama. Tatu akapiga hatua mbele, akapanua mdomo, akatoa ule mlio mwembamba wanaomlilia mama bandia, sanamu letu la korongo linalowalisha kwa mdomo wa chuma. Alikuwa anamwomba mwewe chakula.

Komba aliacha kuandika. "Dada Twilumba," alisema, na akiniita dada bila utani ujue mambo si mazuri. "Wale kumi na wanne wa mwaka jana. Walikufaje?"

"Waliliwa na wanyama. Iko kwenye ripoti."

"Ripoti nimeisoma. Nauliza walikufaje."

Nikamwambia. Nilikuwa sijamwambia mtu. Pete za mwaka jana zilikuwa na kamera, na picha zilikuja kwangu peke yangu. Siku ya tano baada ya kuwaachia, mondo, yule paka mwitu mwenye madoa, alitoka kwenye majani mchana kweupe, akija taratibu, wala hakuhangaika kunyata. Korongo mzito kuliko wote, yule ambaye uzito wake ulinipatia tuzo, alimtazama yule paka akija. Akainamisha shingo, akapanua mdomo, akalia mlio huohuo wa kuomba chakula. Siku kumi na tisa zilitosha kuwamaliza wote. Mimi nilizima kioo, nikaandika maneno matatu ya kweli, waliliwa na wanyama, nikaenda kulala.

Komba alikizima kishikwambi. Halafu akasema, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na hawa mama yao ni bati."

2

Daktari Asajile, mkurugenzi wetu, ni mtu mpole, mrefu, mdogo kwangu kwa miaka kumi. Aliniacha niseme mpaka mwisho, mikono yake imetulia juu ya meza. Nilimwambia makinda hawaogopi, na asiyeogopa haishi porini. Nilimwambia nataka kuacha matone. Habari ya picha za mwaka jana sikumwambia.

"Mama Kaduma," alisema, "matone yana jina lako."

"Ndiyo maana nataka niyaache mimi, kabla hajaja mwingine kuyaacha."

"Ukiyaacha watadumaa?"

"Watapungua. Kiasi gani, sijui."

"Na kuna atakayekufa?"

Hilo ndilo swali lililokuwa limenikosesha usingizi. Kumtia hofu kinda ni kumla mwili wake kidogo kidogo. Nimesomea miaka kumi na moja ili kinda asiumie, na sasa nilikuwa naomba ruhusa ya kuumiza tisa wa mwisho. Nikiendelea na matone, walikuwa wanakwenda kumwamkia mondo. Nikiyaacha, huenda nikawaua kwa mkono wangu kabla mondo hajawaona.

"Huenda," nilisema.

Aliangalia dirishani. "Siku ya tisini wageni wanakuja. Mgeni rasmi, waandishi, watu wa nje waliotupa mayai. Mimi naomba kitu kimoja tu, Mama Kaduma. Ndege waonekane."

Nikakubali haraka, kama anayeombwa maji ya kunywa.

Asubuhi iliyofuata chakula kilitoka bila matone. Kazi ya kuwatia hofu nilimpa Komba.

"Kwa nini mimi?"

"Babu zako walikimbia kutoka kusini ya mbali kabisa mpaka Songea. Kama kuna mtu anajua kufundisha kukimbia, ni wewe."

Alicheka, akafunga spika sita kuzunguka uwanja. Mlio wa tai, bweha, mbwa, watu wakigombana, ngurumo. Alizifungulia alfajiri na kuzizima jua likizama. Tuliamini tunafanya kazi nzuri, maana ndivyo mashamba yote yanavyolindwa siku hizi, kwa kelele ya kutwa.

Siku ya kwanza makinda walikimbia mpaka wakaparamia ukuta. Siku ya tatu walikuwa wanakula chini ya spika, mlio wa tai ukiwapigia kisogoni. Nilidhani wamezoea, na kwa macho walikuwa wamezoea. Pete zilisema jambo jingine. Zilisoma tisini na kitu, asubuhi tisini, jioni tisini, usiku wakiwa wamelala tisini. Akili ilikuwa imechoka kusikiliza, lakini mwili ulikuwa bado unakimbia papo hapo uliposimama.

Siku ya arobaini uzito ulisimama. Siku ya arobaini na tano nililikunjua bawa la Tatu, lile bawa nililomwonyesha Komba kwa majivuno, nikakuta mstari. Ulipita katikati ya kila unyoya, mwembamba, unapitisha mwanga, kama karatasi iliyokwaruzwa kwa ukucha. Hiyo ni alama ya dhiki. Siku ambazo mwili ulikosa cha kujengea, unyoya ulikua bila nguvu, na hapo ndipo utakapokatika ndege akiruka.

Wote tisa walikuwa nao. Namba Saba, mdogo kuliko wote, alikuwa amepoteza gramu arobaini na hasimami. Nilimchukua mapajani. Moyo wake ulikuwa unadunda mpaka nikausikia kwenye magoti yangu. Nililia, na Komba aliniona nikilia, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane hakunitania.

"Tumewapa dhiki," alisema. "Hofu bado hawana."

Akaenda kuzima spika moja baada ya nyingine. Uwanja ulipotulia nilisikia kelele nyingine, ya mbali, kutoka upande wa mashamba. Ulikuwa mlio mmoja mkavu, kama tawi linalovunjika, halafu kimya kirefu. Niliujua. Ulikuwa mlio wa kombeo, na katika bonde lile zima alikuwa amebaki mtu mmoja tu anayetumia kombeo.

3

Mwacha asili ni mtumwa, na mimi niliiacha asili yangu kwa mbio. Kuanzia miaka sita mpaka nilipopata nafasi ya kusoma Iringa, kila msimu wa mpunga nilishinda juu ya dungu, kile kichanja cha miti shambani, nikiamia ndege pamoja na mama. Mikono ilinuka tope hata Jumapili. Shuleni waliniita Kwelea, kwa jina la wale ndege wadogo wanaomaliza mpunga. Nilipopata shahada niliapa sitapanda tena dungu.

Nilipanda siku hiyo, na viatu vya ofisini.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Kaa. Usiongee."

Mama alikuwa na miaka sabini na miwili, ameketi kwenye gunia, kombeo limelala mapajani, anakula karanga. Majirani wote walikuwa na droni. Yeye aliikataa, akasema hafanyi kazi na kitu kisichojua kunyamaza. Kundi la kwelea lilitokea upande wa mto, wengi, likajipinda juu ya shamba. Mama akaendelea kutafuna. Likashuka kidogo, likapanda, likashuka tena. Mama akatafuna. Nilihisi mkono wangu mwenyewe unaniwasha, nikataka kumwambia piga, wanakula. Ndege walitua, wakakunja mabawa, wakainama. Hapo ndipo mama aliposimama, akazungusha kombeo mara moja, likalia, donge la tope likapiga katikati yao, naye akatoa ukelele mmoja ambao sikuwa nimeusikia kwa miaka ishirini na mitano na ambao mgongo wangu uliukumbuka kabla yangu.

Kundi zima liliinuka. Halikuzunguka. Lilivuka barabara, likaenda.

Mama akaketi, akaokota karanga yake. "Sasa ongea."

"Hawarudi?"

"Leo hawarudi. Mwenzangu pale ana lile dege lake linalia kutwa, ndege wanalikalia mgongoni. Ndege hakimbii kelele, Twilumba. Kelele anaizoea. Anakimbia asichokijua kitakuja saa ngapi. Ukimpiga kila saa humfundishi kitu, unamchosha tu. Na nilikufundisha haya ukiwa hujang'oa meno ya utoto."

Alikuwa amenifundisha, kweli. Nilikuwa nimeyasahau kwa makusudi.

Nikamweleza kuhusu makinda, matone, yule mondo, spika, mistari kwenye mabawa. Alisikiliza huku akipuliza maganda ya karanga kutoka kiganjani. Nilipomaliza alicheka mpaka dungu likatikisika.

"Kwa hiyo miaka hamsini nafukuza ndege kwa faida ya tumbo langu, leo unataka niwafukuze kwa faida yao."

"Ndiyo, mama."

"Hawa korongo ndio wale waliokuwa wakining'olea miche ya mahindi mwaka ule baba yako anaumwa?"

"Ni wa ukoo mmoja na wale."

Alikunja kombeo lake taratibu, akalichomeka kiunoni. "Nakuja. Nao tuna neno letu la zamani. Na ujue mimi sijawahi kupoteza shamba, hata moja, uliza bonde zima. Na huyo kinda wako jasiri aliyemwamkia paka, hukuwahi kusikia? Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

4

Alitoa masharti matatu. Spika zitolewe. Lijengwe dungu uwanjani. Na yeye apewe kitambulisho cha kuning'iniza shingoni kama wafanyakazi wengine, kiandikwe Mwamiaji Mkuu. Daktari Asajile alitia sahihi bila kuuliza, na mama akakivaa hata kanisani.

Siku mbili za kwanza hakufanya lolote. Alikaa dunguni akila karanga. Komba akaninong'oneza kwamba Wahehe tumemletea mgeni wa kulala. Siku ya tatu, saa nne na robo, makinda wakiwa wameinama kwenye chakula, kombeo lililia mara moja na mama akapiga ukelele. Wote walitawanyika, wakajitupa kwenye majani marefu ya pembeni, wakalala kifudifudi, wasitikise hata jani.

Nilishika kishikwambi kwa mikono miwili. Namba zilipanda kutoka ishirini na mbili hadi mia na sitini. Nikahesabu dakika. Dakika ya kumi zilikuwa mia. Dakika ya ishirini na tano, hamsini. Dakika ya arobaini, ishirini na moja, na Tatu alikuwa ametoka majanini, anakula. Mwili ulikuwa umefungua bomba, ukatumia, ukalifunga wenyewe. Mimi nilitumia miaka kumi na tano kujifunza kulifunga, na mama yangu alikuwa anajua kulifungulia likajifunga lenyewe, kwa donge la tope.

Hakurudia mpaka kesho yake alasiri. Halafu mara mbili siku moja. Halafu siku tatu bila neno. Alivuta kitambaa cheusi juu ya waya kiwe kivuli cha tai. Alimvika Komba ngozi ya mondo tuliyoazima makumbusho ya wilaya, akamwamuru atambae uwanjani kwa magoti.

"Mngoni anatambaa mbele ya Wahehe wawili," mama alisema kutoka dunguni, amefurahi kweli. "Twilumba, piga picha, tutaipeleka Songea."

"Mkimaliza kunicheka msinile," Komba alijibu kutoka ndani ya ngozi. "Najua nikivaa manyoya ninafanana na mbwa, na nyinyi Wahehe kwa kula mbwa hamkawii."

Mama alicheka mpaka akashika nguzo ya dungu.

Uzito ulirudi kupanda. Haukufika pale matone yalipokuwa yanaufikisha, ulikuwa chini kwa karibu robo kilo kila ndege, lakini ulipanda. Manyoya yaliyoota baada ya ile mistari yalitoka safi.

Siku ya sitini mama aliniita juu. "Umebaki wewe," alisema.

"Mimi vipi?"

"Wakiona shati lako wanakuja mbio. Porini kuna watu wengi wenye mashati, mwanangu, na wengine wana mitego. Chukua tope."

Nilisema siwezi. Mama hakunibembeleza. Aliweka donge kwenye kiganja changu, akaendelea na karanga zake. Nilishuka na bakuli la chakula kama kila asubuhi, na Tatu alikuja wa kwanza, shingo mbele, anaita. Nikalitupa donge miguuni pake na kupiga ukelele wa mama yangu. Ulitoka kifuani kwangu bila kupunguka hata kidogo. Tatu alinitazama kwa muda mfupi sana, kisha akanikimbia. Niliumia kama aliyefukuza mtoto nyumbani. Lakini nilipoinua macho niliona mama amesimama dunguni, kitambulisho kifuani, ananitazama kwa namna ambayo hata kwenye mahafali yangu hakunitazama.

Kuna jambo moja ambalo sikulifanya. Namba Saba, yule aliyelala mapajani kwangu, nilimtoa uwanjani siku ileile, nikamweka kwenye kizimba cha ndani na kumrudishia matone. Nilisema ni mpaka apate nguvu. Alipata nguvu baada ya wiki moja, nami sikuacha. Alikuwa ananifuata kila ninapokwenda na kuegemeza shingo begani mwangu. Namba ya pete yake ilisoma nne, na nilipoiona nne ile moyo wangu nao ulitulia.

Mama alipita siku moja, akachungulia. "Huyu wako wa ndani anakula vizuri," alisema, akaenda zake.

5

Siku ya tisini viti viliwekwa kwa safu, hema likafungwa, na Daktari Asajile akavaa suti. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mtu mzima kutoka wizarani, mwenye sauti ya upole na miwani ya kusomea. Alisoma hotuba fupi. Komba akavuta lango kubwa linalofungukia bwawa la Ihefu.

Nane walitoka kwa mstari, wembamba, wenye rangi ya majani makavu, mistari ya dhiki bado inaonekana kwenye manyoya ya zamani kwa anayejua kuitafuta. Mataji yao ndiyo kwanza yalikuwa yanachipua. Walipiga hatua kama ishirini. Wageni wakapiga makofi.

Nane wakainama kwa pamoja na kuzama kwenye matete. Ilichukua muda wa kupepesa jicho. Waandishi walibaki wameinua kamera kwenye majani matupu.

"Wako wapi?" mgeni rasmi aliuliza.

"Wapo, mheshimiwa," Daktari Asajile alisema, akinitazama mimi. "Watatokea sasa hivi."

Hawakutokea. Dakika zilipita, watu wakaanza kukohoa na kugeuka kwenye viti. Nilimwona Asajile akimnong'oneza mlinzi, na mlinzi akiondoka kuelekea ndani, na nikajua anakwenda kufungua nini. Nilichelewa kumzuia.

Saba alipita katikati ya viti kama mwenye shughuli. Alikuwa na kilo tatu na gramu mia nne, mabawa meusi yanayong'aa, shingo imenyooka. Kamera zilimwelekea, naye akazielekea. Alipanua mabawa, na watu wazima wakasimama kwenye viti. Mtoto mmoja wa wageni alimshika mgongoni, naye akatulia.

"Sasa huyu ndiye korongo," mgeni rasmi alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Hongera sana, Mama Kaduma. Hongera sana. Basi mfungulieni naye awafuate wenzake."

Makofi yale yalikuwa yangu. Nilikuwa nimeyangojea miaka kumi na tano, na huo ndio ukweli. Ningeweza kutabasamu, nikampisha Saba apite langoni, picha yake ikazunguka dunia ikiwa na jina langu chini. Siku ya tano kwenye majani angemwamkia mondo, na nisingelazimika kutazama, maana pete za mwaka huu hazina kamera. Niliziagiza mwenyewe zisizo na kamera.

Nilikwenda nikasimama langoni.

"Haendi," nilisema. "Mheshimiwa, naomba radhi. Huyu hajui kuogopa, na kosa ni langu. Mwaka jana niliwalea kumi na wanne wakiwa wazuri hivi, nikawaona kwenye picha wakimkaribia mnyama na kumwomba chakula. Nikaandika kwamba waliliwa, sikuandika kwa nini. Dawa ni yangu, jina ni langu, na aibu ni yangu. Huyu atabaki na mimi mpaka afe. Ndege mliowajia ni wale nane."

Daktari Asajile alifumba macho. Mgeni rasmi alivua miwani, akayatazama matete kwa muda mrefu. "Mimi sioni kitu," alisema.

Hapo ndipo kivuli kilipopita juu ya viti. Kila mtu aliinua uso. Alikuwa tai, tai wa kweli, amekuja kwa sababu ya wingi wa watu au kwa njaa yake tu. Alizunguka juu ya matete mara moja, akashuka mpaka tukaona makucha yake, akazunguka mara ya pili. Ndani ya matete hakukutikisika hata jani moja. Katika bwawa lile kulikuwa na ndege wanane wakubwa kama mbuzi wachanga, na tai mwenye macho ya tai hakumwona hata mmoja.

Saba peke yake aliinua shingo. Akapanua mdomo, akamlilia.

Nilivua kitenge begani, nikamfunika, nikamkumbatia. Watu wote walitugeukia. Walikuwa wamesikia ule mlio, na sikuhitaji tena kuwaeleza lolote. Tai alikata tamaa, akaenda zake upande wa milima. Nyuma ya viti, kwenye safu ya mwisho, mama yangu alitoa karanga mfukoni na kumpa Komba nusu.

"Sijawahi kupoteza shamba," alimwambia, kwa sauti ambayo hema zima lilisikia.

Mgeni rasmi aliniuliza kama ninajua nane wale wako wapi. Niliyatazama matete kutoka upande mmoja mpaka mwingine, mimi niliyewapima kila asubuhi kwa siku tisini na ninayewajua mmoja mmoja kwa mwendo. Sikuona unyoya.

"Sijui, mheshimiwa," nilisema, na katika maisha yangu yote sijawahi kujivunia jibu kama lile.